Kusitiri na Kuficha

Kila kazi ya mikono ina mahali pake pa aibu, na mahali hapo ni pale ambapo kitu kimoja hukutana na kingine. Ubao ulio peke yake ni rahisi kupendeza: hupigwa randa, hulainishwa kwa msasa, hupakwa rangi, ukawa mzuri. Chuma kilicho peke yake nacho hunyooka na kung'aa. Lakini ubao ukutanapo na ubao, chuma kikutanapo na saruji, ukuta ukutanapo na sakafu, hapo ndipo ujuzi wa fundi uhojiwapo. Kwa sababu hiyo mafundi wa nchi zote wamebuni vifuniko vya kuvisha viungo, na vifuniko hivyo, ingawa ni vidogo, vimezua ubishi mkubwa kuliko kimo chake.

Msomaji, kama umepata kupanda ngazi ya nyumba ya ghorofa, yamkini umeviona vifuniko vya namna hii bila kuuliza habari zake. Kando ya ngazi husimama nguzo nyembamba, za mti au za chuma, zenye kubeba ule mkono wa ngazi ambao mtu hushika apandapo na ashukapo. Mguuni mwa kila nguzo, pale iingiapo katika kidato, mara nyingi huvishwa kikombe kidogo kilichopinduliwa kifudifudi, cha chuma, cha shaba au cha mti. Juu nako, pale nguzo igusapo mkono wa ngazi, huvishwa kingine kama hicho, au ua la chuma. Nitakiita kikombe tu, maana ndicho kitu kinachofanana nacho zaidi. Hakibebi uzito wowote. Ukikiondoa, ngazi haitalegea wala kuimarika. Kazi yake ni kufunika kiungo kisionekane.

Swali langu ni hili: je, kikombe hicho ni uongo?

Utasema ni swali dogo, na mtu mwenye shughuli hana nafasi ya kulifikiri. Nakuomba uvumilie kidogo. Twende Kosele, soko lililo karibu na Oyugis katika kaunti ya Homa Bay. Katika masoko kama hilo mtu ambaye babu yake hakupata kukanyaga kidato kimoja maishani mwake anaweza leo kupanga chumba juu ya duka, na watoto wake wakashuka ngazi kila asubuhi kwenda shule. Ngazi si kitu cha watu wa mjini tu siku hizi. Basi tuseme fundi wa kuchomelea vyuma amepewa kazi ya kutia nguzo katika ngazi ya nyumba ya ghorofa sokoni hapo.

Saruji ya ngazi imekwisha mwagwa na kukauka. Fundi hana budi kuitoboa. Tundu litobolewalo katika saruji halina adabu: hutoka pana kuliko ilivyotakiwa, na kingo zake humeguka. Fundi husimamisha chuma ndani yake, akakinyoosha kwa timazi, akamimina saruji nyepesi kuzunguka mguu. Ikikauka, huacha pete ya kijivu yenye mikunjo, isiyolingana na sakafu kwa rangi wala kwa ulaini. Kama nguzo ni ya mti kwenye kidato cha mti, taabu ni nyingine. Keekee hutoboa tundu la mviringo, na nguzo huenda ikawa ya mraba. Tena mti hautulii. Hata baada ya kukatwa, kupasuliwa na kupigwa randa, mbao hunywa unyevu wa hewa wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, ingawa kwa urefu wake hubadilika kidogo sana. Kiungo kilichobana barabara mwezi wa Aprili, mvua zikinyesha Nyanza yote, huweza kuonyesha ufa mwezi wa Januari. Ufa huo haukutokana na uvivu wa fundi. Ni tabia ya mti, na hakuna awezaye kuufundisha mti tabia nyingine.

Hapo ndipo kikombe kiingiapo. Huteremshwa juu ya nguzo, kikakaa juu ya ile pete ya saruji au ule ufa, na mara moja ngazi hupata heshima.

Sasa tuseme wako mafundi wawili, kila mmoja na ngazi yake. Wa kwanza amezamisha chuma sentimita 10 ndani ya saruji, akangoja ikauke kwa siku zake. Wa pili alikuwa na haraka, au alipunjwa ujira, au alikuwa mpungufu wa haya. Akakata vyuma vifupi, akavisimamisha juu juu, akavishikiza kwa tone la saruji. Kisha wote wawili wakanunua vikombe katika duka moja, wakapaka rangi ya kopo moja. Mwenye nyumba akija na wageni, atazisifu ngazi zote mbili kwa maneno yale yale. Kikombe cha fundi wa kwanza na kikombe cha fundi wa pili havina tofauti hata ya unywele. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba kila kikombe ni uongo amemdhulumu fundi wa kwanza. Na asemaye kwamba kikombe ni pambo tu, halina hatia, amemsamehe fundi wa pili kabla ya kumsikiliza.

Ningependa ufahamu vizuri ni mahali gani panapofunikwa, maana bila kufahamu hivyo ubishi wote huwa wa maneno matupu. Nguzo ya ngazi ina kimo cha karibu mita 1. Mtu anayeegemea mkono wa ngazi huisukuma nguzo hiyo kutoka juu kabisa. Umejifunza shuleni habari za wenzo: nguvu ndogo mwishoni mwa mti mrefu huwa nguvu kubwa karibu na egemeo. Mtoto akisukuma kwa nguvu ya kilo 10 juu ya nguzo ya mita 1, na nguzo hiyo imezama sentimita 5 tu, basi kwa hesabu ya wenzo pale mguuni saruji hulazimika kuzuia nguvu iliyo sawa na kilo 200 hivi. Ikizama sentimita 10, huzuia kilo 100. Juu ya nguzo hapana kishindo kikubwa, katikati pana kiasi, lakini mguuni ndiko mzigo wote unakokusanyika. Yaani mahali pale pale ambapo jicho linazuiwa kuona ndipo mahali ambapo ngazi nzima inaponea au inapofia.

Wala mwenye kuegemea si mtu mmoja. Tarehe 3 Februari mwaka 2020, katika shule ya msingi ya Kakamega, wanafunzi walipokuwa wakishuka ngazi jioni kwenda nyumbani palitokea msongamano, na watoto wasiopungua 13 wakafa. Sitaji msiba huo ili kumlaumu mtu, wala sisemi nguzo za ngazi ile zilikuwa na kasoro. Nautaja kwa sababu unaonyesha kile ambacho mtu hasahau akisha kukisikia: kwamba ngazi, ambayo siku nyingi hupandwa na mtu mmoja mmoja, huweza kwa dakika chache kubebeshwa umati wenye hofu. Siku hiyo ngazi haiulizwi kama ni nzuri.

Wako wenye hekima waliokasirikia vifuniko vya kila namna. Huko Uingereza, John Ruskin alitoa mwaka 1849 kitabu juu ya taa saba za ujenzi, na moja ya taa hizo aliiita ya ukweli. Alilaumu nyumba inayojifanya kusimama kwa nguzo ambazo hazibebi kitu, na mti uliopakwa rangi ili uonekane jiwe. Adolf Loos wa Vienna naye, miaka hamsini baadaye, alisema kitu kinaweza kuvishwa kingine, ila vazi lisichukuliwe kuwa ndilo mwili. Maneno ya Loos nayaona yana busara kuliko ghadhabu ya Ruskin. Mtu aliyevaa kanzu hamdanganyi mtu kwamba ngozi yake ni ya pamba.

Tena historia ya ufundi yenyewe haiwaungi mkono wachukiao vifuniko. Maseremala wa Kiingereza wa zamani, waliochonga ngazi za nyumba za matajiri, walizoea kuikata miguu ya nguzo kwa umbo la mkia wa njiwa, wakaipachika kutoka ubavuni mwa kidato, isiweze kung'oka kwenda juu. Ni kiungo cha fahari, kazi ya mikono mitulivu. Walikifanyia nini kiungo hicho cha fahari? Walikifunika. Walipigilia ubao mwembamba wenye mkunjo mzuri ubavuni mwa kidato, na hapana mgeni aliyekiona tena. Hawakuwa na cha kuonea haya. Walifunika kwa sababu kidato kilichokamilika ni kizuri zaidi kuliko kidato kinachojisifu.

Na tukirudi kwetu, tazama mlango wa Lamu au wa Unguja. Mlango huo una mbao mbili zinazofunguka, na mahali zinapokutana pana mwanya ulio wima tangu juu hadi chini. Mafundi wa pwani waliweka hapo mti uliochongwa kwa nakshi, uitwao mfaa, uliofungwa kwenye ubao mmoja ukaupita mwingine. Mfaa huficha mwanya. Lakini pia huzuia jicho la mpita njia, vumbi na maji ya mvua, na hukaza mlango ukifungwa. Wageni wanaopiga picha milango ya Mji Mkongwe aghalabu huupenda mfaa kuliko sehemu nyingine, na sijasikia hata mmoja aliyelalamika kwamba amedanganywa juu ya idadi ya mbao. Paa la bati lina jambo hilo hilo. Juu kabisa, bati za upande huu zinapokutana na za upande ule, hukalishwa bati lililokunjwa katikati. Lingeondolewa, mvua ingetuhukumu usiku ule ule.

Nyumba ya asili ya Wajaluo inatupa mfano ulio mzuri zaidi, nami nashangaa kwamba haukumbukwi mara nyingi. Juu ya paa la nyasi, pale fito zote zinapokusanyika kileleni, palisimamishwa kijiti kilichochongoka kiitwacho osuri. Mtu asiyejua angedhani ni pambo la kumalizia paa. Lakini osuri ilikuwa ikisema neno: kwamba mwenye nyumba yu hai. Alipokufa, ilivunjwa au kuondolewa, na kila apitaye njiani aliitazama nyumba akajua. Hapa pana pambo lililowekwa mahali pa kiungo, na pambo hilo lilitakiwa kutoa ushahidi wa kweli juu ya kilicho chini yake. Jamaa wa marehemu hawakuruhusiwa kuiacha ikisimama kwa kuwa tu ni nzuri. Kama vikombe vya ngazi zetu vingelazimika kuvunjwa siku ile chuma kinapooza, insha hii isingekuwa na haja ya kuandikwa.

Lugha yetu imekwisha kulifikiri jambo hili kabla yetu. Kiswahili kina maneno mawili ambayo mtu wa haraka huyachukua kuwa ni mamoja: kusitiri na kuficha. Stara ni jambo la heshima. Mtu husitiri mwili wake, husitiri umaskini wa jirani yake, husitiri kasoro ya rafiki mbele ya watu wasiohusika. Kuficha kwaweza kuwa jambo jema au baya, lakini likisemwa juu ya biashara au mkataba, sikio hushtuka. Twamsifu mwenye stara; hatumsifu mfichaji. Tofauti yao ni nini, ikiwa wote wawili wameweka nguo juu ya kitu?

Wengi hujibu kwamba tofauti iko katika nia. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi, kwa maana nia haionekani, na mtu ni hakimu mwepesi wa nia yake mwenyewe. Fundi wa pili, ukimhoji, atakuambia kwamba nia yake ilikuwa ngazi ipendeze. Wala hatasema uongo.

Mimi naona tofauti iko kwa mtu mwingine kabisa, naye ni yule atakayeegemea. Fikiri wanafunzi wawili katika bweni moja. Wa kwanza ana shati lililochanika mgongoni, naye huvaa sweta hata jua linapowaka ili wenzake wasione. Wa pili anakohoa kwa majuma mengi, anatoka jasho usiku, anajua kwamba nyumbani kwao kuna mgonjwa wa kifua kikuu, lakini hunyamaza na kukohoa ndani ya blanketi ili asirudishwe nyumbani. Wote wawili wamefunika jambo, na wote wawili kwa ajili ya haya. Lakini hapana mtu anayeegemea lile shati. Likichanika zaidi, hasara ni ya mwenyewe. Kile kifua, wenzake wote wanakiegemea kila usiku walalapo katika hewa moja, bila kujua kwamba wanaegemea kitu. Wa kwanza ana stara, na mwalimu anayemvua sweta mbele ya darasa amemkosea. Wa pili anaficha, ingawa moyo wake huenda ukawa safi kama wa mwenzake, na tunamwonea huruma huku tukimpeleka hospitali, ambako ugonjwa huo hutibika.

Basi haki ya kuona chini ya kikombe ni ya yule atakayeweka uzito wake juu ya kilichofunikwa. Mgeni aliyekuja kunywa chai sebuleni hana haki ya kudai aonyeshwe pete ya saruji. Hiyo imesitiriwa kwake kwa adabu. Lakini mara tu ainukapo na kuushika mkono wa ngazi, hali yake imebadilika.

Jambo hili lilibishaniwa zamani sana. Cicero, mwanasheria wa Roma, aliandika mwaka 44 kabla ya Kristo kitabu juu ya wajibu wa watu, na katika sehemu yake ya tatu alitoa kisa cha mtu mwema anayeuza nyumba. Watu wadhani nyumba hiyo ina afya, kumbe haina. Nyoka huonekana katika vyumba vyote vya kulala. Miti yake ni mibovu na iko karibu kuanguka. Ila hapana ajuaye hayo isipokuwa mwenye nyumba. Je, amwambie mnunuzi? Cicero akaleta mashahidi wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, nao hawakukubaliana. (Msomaji uliye shuleni, zingatia kwamba mwanafunzi alimpinga mwalimu wake katika jambo kubwa, na historia ikawaheshimu wote wawili.)

Antipater alisema asiyemwambia mnunuzi ni sawa na mtu anayemwona aliyepotea asimwonyeshe njia. Tena ni mbaya kuliko huyo, maana anamtia mwenzake hasarani huku akijua. Diogenes alijibu kwa werevu. Je, alikulazimisha kununua? Wewe ulinunua ulichokipenda. Yeye aliuza asichokipenda. Kunyamaza ni jambo moja, na kuficha ni jambo jingine. Tena ingekuwa kichekesho gani mnadi akisimama sokoni na kupiga kelele kwamba anauza nyumba isiyofaa kukaliwa na watu! Cicero mwenyewe aliwasikiliza wote, kisha akaegemea upande wa Antipater. Kwake, kuficha hakukuwa kunyamaza tu. Kulikuwa kutaka wengine wasijue, kwa faida yako, jambo ambalo lingewafaa kulijua. Sharia ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wameifuata katika biashara zao kwa karne nyingi, nayo ilifika karibu na hapo kwa njia yake: mnunuzi akikuta katika mali aibu iliyokuwamo kabla ya kununua, naye hakuijua, ana hiari ya kuirudisha.

Lakini tusimwache Diogenes aondoke upesi mno, kwa sababu hoja yake ina nguvu kuliko inavyoonekana. Mnunuzi ana macho. Kwa nini muuzaji awe macho yake? Ulimwengu ambamo kila mtu hana budi kutangaza kasoro zake zote ungekuwa ulimwengu wa makelele, na si hakika kwamba ungekuwa wa kweli zaidi. Nakubali hivyo. Ila hoja ya Diogenes husimama juu ya sharti moja, kwamba macho ya mnunuzi yameachwa huru kutazama. Kikombe kimeyaondolea macho uhuru huo. Fundi wa pili hakunyamaza tu juu ya chuma kifupi. Mkono wake ulinyosha kifuniko ukakiweka mahali ambapo jicho lingeuliza. Mtu akisha kufunika, hawezi tena kusema kwamba mwenzake angetazama mwenyewe. Kadiri afunikavyo, ndivyo deni lake la kusema likuavyo. Tena wengi wa wale watakaoegemea ngazi hawakununua chochote: mtoto wa mpangaji, mgonjwa anayeshuka polepole, mzee anayeweka uzito wake wote katika mkono kwa sababu goti limemchoka. Hao hawakupatana bei na mtu, wala hawatauliza. Fundi ana wajibu wa kuwajibu watu ambao swali lao halitakuja kamwe. Katika sheria za ujenzi za Uingereza limo agizo kwamba mwanya baina ya nguzo za ngazi, katika nyumba ambamo watoto wadogo waweza kuwamo, usiruhusu tufe la milimita 100 kupita. Nalipenda agizo hilo. Aliyeliandika alikuwa akimjibu mtoto ambaye bado hajajua kusema, kwa kipimo cha kichwa chake.

Sasa iko shida moja ambayo Antipater hakuitazama. Fundi wetu wa kwanza alifanya kazi njema: sentimita 10, saruji nzuri, hila hakuna. Kikombe chake kilikuwa stara tupu. Miaka 15 ikapita. Kila juma ngazi hupigwa deki, na maji ya sabuni huteremka mguuni mwa nguzo, yakaingia chini ya kikombe kwa ule uwazi mwembamba usioonekana. Nje, maji hukauka upesi kwa upepo. Ndani ya kikombe hayakauki. Chuma kikikaa na maji na hewa hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichotoka, ikaipasua saruji iliyokizunguka. Kikombe kilichopakwa rangi kila mwaka kinang'aa, na nguzo imekondeana chini yake kama shingo ya mgonjwa. Hapana mtu aliyedanganya. Kikombe ni kile kile, kimekaa pale pale, kikisema neno lile lile, lakini neno hilo si kweli tena.

Nyumba kubwa nazo hupatwa na mambo kama hayo. Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultan Barghash, ikazungukwa na baraza pana zilizobebwa na nguzo za chuma. Tarehe 27 Agosti mwaka 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mizinga mji, majumba ya jirani yakabomoka, nayo ikabaki imesimama. Ikapendwa, ikapigwa picha, ikawa sura ya Zanzibar machoni pa ulimwengu. Kisha tarehe 25 Desemba mwaka 2020, ilipokuwa ikitengenezwa, sehemu yake kubwa ikaporomoka na watu 2 wakapoteza maisha. Sura iliyokuwa imetazamwa na watu wengi kiasi hicho haikuwa imewaambia watazamaji kitu.

Kwa hiyo wajibu wa mwenye kufunika hauishi siku anayokabidhi kazi. Aliyeweka kifuniko, au aliyerithi kifuniko, amejitwika kazi ya kukiinua mara kwa mara na kutazama. Hapa naona watu wengi wema huanguka, na si kwa ubaya. Mwenye nyumba huhisi kwamba nguzo ya tatu inacheza kidogo. Anajua kwamba akiinua kikombe ataona kitu, na akiona atalazimika kutoa fedha, na fedha ni za karo ya mwanawe. Basi haiinui. Hajui kwamba chuma kimeoza, amejihadhari asijue. Je, huyu anaficha au hafichi? Cicero alisema juu ya kutaka wengine wasijue. Huyu anataka yeye mwenyewe asijue, ili atakapowatazama wapangaji wake usoni awe na uso wa mtu asiye na habari. Mimi namhesabu miongoni mwa wafichaji, ingawa namhurumia kuliko wenzake, kwa sababu wapangaji wanaegemea kutojua kwake kama wanavyoegemea chuma.

Yawezekana utaniuliza, basi tufanyeje? Tuache viungo vyote wazi, pete za saruji na nyufa za Januari zitukodolee macho? Wako wajenzi wa siku hizi wanaofanya hivyo makusudi, na baadhi ya kazi zao ni nzuri. Lakini sioni kwamba uwazi peke yake ni ukweli. Kiungo kilicho wazi huweza kupakwa rangi nzito kikaficha zaidi ya kikombe. Na mtu anayejitangazia aibu zake zote sokoni si lazima awe mkweli kuliko jirani yake mwenye stara. Wakati mwingine anatangaza nne ili usitafute ya tano.

Ufundi wenyewe una jibu, nalo ni la bei ndogo. Viko vikombe vya namna mbili. Kimoja hugandishwa kwa gundi au kuchomelewa, kikawa kitu kimoja na sakafu. Cha pili kina tundu dogo ubavuni, na ndani ya tundu skrubu. Ukiilegeza, kikombe hupanda juu ya nguzo kama sketi inayopandishwa kuvuka mto, na mguu wote ukaonekana. Ukiisha kutazama, unakirudisha, na ngazi ni nzuri kama ilivyokuwa. Vyote viwili hufunika sawasawa, na mgeni wa sebuleni hawezi kuvitambua. Ukinunua au ukipanga nyumba siku moja, iwe Kosele au kwingineko, na ukauliza chini ya vikombe mna nini, mwenye hivi vya pili hataanza kwa hotuba. Atatazama huku na huku, atamwita mtoto, na kumtuma bisibisi.